Injini ya 1KZ-TE: Nguvu za Prado na Surf za zamani, na joto linaloziua

KWA mkazi wa Dar es Salaam au Morogoro mwenye shamba la mpunga katika mbuga za Tindiga, wilayani Kilosa, gari la dizeli lenye difu mbele na nyuma si anasa. Masika yakiingia, udongo mweusi wa ukanda ule kati ya Kilosa na Mikumi hugeuka utelezi, na gari dogo la petroli hubaki barabara kuu. Ndiyo maana kwa miaka mingi Toyota Hilux Surf na Land Cruiser Prado za miaka ya 1990, zilizoletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zimekuwa chaguo la wengi. Sehemu kubwa ya magari hayo ina injini moja: 1KZ-TE.

Injini hiyo ina sifa mbili zinazopingana. Wapo wanaoisifu kuwa haichoki, na wapo walioiuza kwa hasara wakiapa kutoigusa tena. Pande zote mbili zina haki, kwa sababu chuma chake cha chini ni kigumu kwelikweli, lakini kichwa chake, yaani silinda hedi, hakisamehi joto. Anayenunua gari la aina hii leo ananunua historia ya joto lake, hata kama muuzaji hakuitaja.

Jina lenyewe lina maana. Tarakimu 1 ni toleo la kwanza la familia ya KZ, herufi T ni turbo, na E ni mfumo wa kuingiza mafuta unaoongozwa kwa umeme. Toyota iliitoa mwaka 1993, na kuanzia mwaka 2000 ikaanza kuibadilisha kwa 1KD-FTV, injini ya D-4D yenye reli ya pamoja ya mafuta. Mbali na Surf na Prado, 1KZ-TE iliwekwa pia katika baadhi ya Hilux na Hiace.

Ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,982. Kipenyo cha silinda ni milimita 96 na mwendo wa pistoni ni milimita 103. Vali ni 8, mbili kwa kila silinda, zikiendeshwa na kemshafti moja iliyo juu. Mgandamizo ni 21.2 kwa 1. Matoleo ya awali yalitoa nguvu za farasi takribani 130 katika mizunguko 3,600 kwa dakika, na ya baadaye, yaliyoongezewa kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, yalifika 140 na kidogo zaidi. Kinachompendeza dereva wa shamba, hata hivyo, ni mvuto wake, ambao hufika kileleni kwenye mizunguko 2,000 tu. Gari hutoka kwenye tope bila kulia sana.

Bloku ni ya chuma cha kuvalia, hedi ni ya aluminiamu. Metali hizi mbili hazitanuki kwa kiwango kimoja zinapopata moto. Zaidi ya hapo, dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni kama katika injini za kisasa, bali huanza kuwaka katika chumba kidogo kilichochongwa ndani ya hedi. Chumba hicho na njia za vali ya kutolea moshi huifanya hedi ibebe moto mkali katika eneo dogo. Maji yakipungua hata kwa dakika chache, aluminiamu hupinda au hupasuka, mara nyingi kati ya vali mbili au kandokando ya chumba hicho.

Safari ya kawaida ya wenye magari haya huonyesha mahali hatari ilipo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, kilomita zipatazo 300, barabara ni ya lami na upepo hupoza rejeta vizuri. Gari likiacha lami kuelekea Tindiga, hupanda mizunguko likiwa katika gia ndogo, mwendo wake ni wa mtu anayetembea, upepo haupo, na kazi yote ya kupoza inabaki kwa feni. Hapo tope, makapi na mbegu za majani huziba matundu ya rejeta kwa nje. Anayeendelea na barabara kuu kwenda Iringa hukutana na mtihani mwingine: mlima Kitonga, ambako gari dogo hulazimika kupanda taratibu nyuma ya lori lenye shehena baada ya kupita joto la bonde la Ruaha Mbuyuni.

Tatizo huongezwa na mazoea. Rejeta inayojazwa maji ya mto kila mara hujenga magadi na kutu ndani, na njia zake nyembamba huziba polepole bila dalili. Maji hayo hayana dawa ya kuzuia kutu, wala hayapandishi kiwango cha kuchemka. Kisha kuna tabia ya baadhi ya mafundi kung'oa thamostati kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Gari linaweza kuonekana baridi mjini, kumbe linapoelemewa mlimani ndipo linapochemsha. Kwa maoni ya mwandishi, ukiona gari la 1KZ-TE halina thamostati, lihesabu kuwa liliwahi kuchemsha na mtu akatafuta njia ya mkato.

Dalili za hedi iliyopasuka au gasketi iliyoungua hazijifichi kwa anayezitafuta. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, kisha iwashwe: mapovu yanayotoka mfululizo ni hewa ya mwako inayoingia kwenye maji. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, hiyo nayo ni ishara. Maji yanayopungua bila tone chini ya gari, moshi mweupe usiokwisha asubuhi, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kila moja inatosha kukufanya uahirishe malipo. Muuzaji aliyeipasha injini moto kabla hujafika, mwombe urudi kesho.

Dereva naye asiiamini geji ya dashibodi peke yake. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinaweza kubaki kikisoma hewa ya mvuke na mshale ukakaa mahali pake huku hedi ikiungua. Mshale ukipanda kuliko kawaida, simama, acha injini ipoe yenyewe, na usimwage maji baridi ndani ya injini iliyochemka. Kijiji kinachofuata kinaweza kuwa karibu, lakini kilomita mbili za kujikaza ndizo zinazopindisha hedi.

Pampu ya dizeli ndiyo ya pili kwa gharama. Ni pampu ya mzunguko inayolainishwa na dizeli yenyewe, tena inaongozwa na kompyuta. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa huinyima ulainisho. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na katika bajeti ya 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Pampu iliyochakaa hujitambulisha kwa namna ya ajabu: gari huwaka vizuri likiwa baridi, lakini likizimwa likiwa na moto hukataa kuwaka hadi lipoe, au hadi fundi aimwagie pampu maji. Kumwagia maji ni kipimo tu, haliwi tiba.

Taa ya injini ikiwaka, si lazima kuanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Katika magari haya kuna kisanduku cha kupimia chini ya boneti. Fundi wa umeme akiunganisha vituo vya TE1 na E1, taa huanza kukonyeza, na idadi ya mikonyezo ndiyo namba ya hitilafu.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na baadhi ya magari yana taa inayowaka umbali huo ukifika. Lakini umbali unaosomeka kwenye gari la mtumba si ushahidi, kwani huweza kurudishwa nyuma. Mkanda ukikatika, vali na pistoni hugongana. Badilisha unaponunua, uanze kuhesabu upya. Turbo inahitaji oili safi ya dizeli, takribani lita 7, na dakika moja au mbili za kuunguruma taratibu baada ya kupanda mlima, kabla ya kuzima.

Hedi ikishapasuka, kuchomelea aluminiamu iliyochoka huishi miezi tu, mara nyingi. Hedi ya mtumba inaweza kuwa imeshapikwa kama yako. Hedi mpya ni ghali, lakini ndiyo yenye mantiki endapo bloku ni nzima, na fundi apime kwanza pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa kuwa gasketi huuzwa kwa unene tofauti kulingana na kipimo hicho. Rejeta isafishwe au ibadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo hedi mpya inafuata njia ya ile ya kwanza.

Wapo wanaochoka na kuing'oa 1KZ-TE, wakaweka injini ya dizeli isiyo na turbo kama 3L au 5L. Gari hupungua nguvu, ila hutulia. Anayechagua njia hiyo akumbuke kwamba kadi ya usajili ina namba ya injini: aombe risiti ya injini aliyonunua na apeleke mabadiliko hayo TRA kabla hajapandisha gari barabarani.