Neasden, maji na kumbukumbu za mashine: haraka haina baraka



Swali ninaloulizwa sana na wenzetu wanaorudi kutoka utafitini halina uhusiano na fani yangu. Ni hili: "Mwalimu, simu imetumbukia majini na rekodi zangu zote zimo humo, nifanyeje?" Mimi si fundi simu. Ila ni mtu wa historia, na mashine zilizolowa nazo zina historia yake. Sehemu ya historia hiyo iko hapa hapa kaskazini-magharibi ya London ninapokaa. Basi naomba nijibu kwa njia ninayoijua, na ushauri wenyewe nitautoa humo humo njiani.

Wengi mkisikia Neasden mnakumbuka lile hekalu jeupe la Swaminarayan lililofunguliwa Agosti 1995. Waumini wake wengi ni watu wa kwetu, Wagujarati waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, na wazee wao ukikaa nao utawasikia wakichomeka Kiswahili katikati ya maneno. Sasa ukiliacha hekalu, ukavuka ile barabara kuu ya North Circular na kupanda kilima kuelekea Dollis Hill, utafika Brook Road. Pale juu kuna jengo kubwa la matofali ambalo siku hizi ni fleti za watu. Zamani lilikuwa Kituo cha Utafiti cha Posta ya Uingereza, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1933.

Chini ya kona ya kiwanja hicho kuna handaki lililopewa jina la siri la Paddock. Lilikamilika mwaka 1940, ghorofa mbili chini ya ardhi, vyumba kama 40, ili Churchill na Baraza lake la Vita wapate pa kukimbilia endapo kituo chao cha katikati ya jiji kingepigwa mabomu. Baraza lilikutana humo mara mbili tu, tarehe 3 Oktoba 1940 na 10 Machi 1941. Mwaka 1944 likaachwa. Tangu hapo mpangaji wake mkuu ni maji. Nilipopata nafasi ya kuingia nilikuta rangi imebambuka, chokaa imening'inia darini kama mishumaa, na mitambo ya hewa na ya simu imeliwa na kutu. Hata hivyo kila kitu bado kilitambulika. Unaona hapa palikuwa na waya, pale palikaa mtu wa simu. Baada ya miongo yote hiyo maji yalikuwa yameharibu mengi, lakini hayakuwa yamefuta.

Linganisha na kilichotokea ghorofani, juu ya ardhi. Mwaka 1943, katika kituo hicho hicho, mhandisi Tommy Flowers na wenzake walijenga Colossus, mashine ya elektroniki ya kuvunja siri za mawasiliano ya majenerali wa Hitler. Ya kwanza ilikuwa na vali karibu 1,600, nayo ilipelekwa Bletchley Park Januari 1944. Hadi vita vinakwisha zilikuwa 10. Baada ya vita ikatoka amri: zivunjwe. Nane zikavunjwa mapema, mbili zikaendelea kutumika kwa siri mpaka karibu mwaka 1960. Flowers mwenyewe aliamriwa kuharibu michoro, akaitia kwenye tanuri la kituo. Tony Sale alipoanza kuijenga upya Colossus mwaka 1993, alichokuwa nacho ni picha chache za mwaka 1945 na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya wahandisi walivificha kinyume cha amri. Kazi ilichukua miaka 14, ikakamilika 2007.

Kwa hiyo kilima kimoja kina hasara za aina mbili. Handakini maji yamefanya kazi miaka themanini na bado unasoma kitu. Juu, mkono wa binadamu ulifanya kazi ya dakika chache tanurini, na kilichobaki kimebaki kwa sababu mtu alikuwa na nakala. Naomba mlishike hilo, maana ndiyo hoja yangu yote: data nyingi tunazosema "zimepotea majini" zimepotezwa na mikono yetu baada ya maji.

Tuangalie kinachotokea hasa. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Lakini maji ya bomba, ya bahari, chai, supu, yote yana chumvichumvi, na hizo ndizo zinazopitisha. Simu ikilowa huku betri ina chaji, umeme unapita mahali usipotakiwa. Shaba ya upande mmoja inayeyuka na kuota upande wa pili kama unywele mwembamba, mpaka nyaya mbili zinagusana. Ile kutu ya kijani mnayoiona ukiifungua simu ndiyo shaba iliyoliwa. Penye umeme hayo yanaweza kuanza ndani ya dakika chache. Pasipo umeme, kutu inakuja polepole zaidi.

Kumbukumbu zenyewe ziko wapi? Kwenye simu na kadi ndogo, zimo ndani ya chipu, kama chaji ndogo ndogo za umeme zilizofungiwa kwenye ganda gumu. Maji hayaingii humo kirahisi. Kinachokufa kwanza ni mlango wa kuzifikia, yaani bodi na viungo vyake. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, data ni sumaku, na maji hayafuti sumaku. Hatari ni uchafu. Kichwa kinachosoma hupita juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Tone likikauka na kuacha chumvi yake pale, halafu ukawasha, kichwa kinagonga na kukwaruza. Ndiyo maana mafundi wa kuokoa data hupenda diski iliyolowa iletwe kwao bado ina unyevu, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, isikaushwe nyumbani.

Flowers alipopigania vali zake, wakubwa walimwambia zinaungua ovyo. Yeye alijua kutokana na mitambo ya simu kwamba vali huharibika zaidi wakati wa kuwashwa na kuzimwa, kwa hiyo ukiiacha inawaka inadumu. Kanuni yake ilikuwa: usizime. Kanuni ya kifaa kilicholowa ni kinyume chake: usiwashe. Lakini fundisho ni lilelile, kwamba saa ya hatari kwa mashine ni pale mtu anapobonyeza swichi.

Walioujua ukweli huu mapema ni wachunguzi wa ajali. Chombo cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, tepu zake zilikaa chini ya bahari ya Florida kama wiki sita. Tepu ya sauti za marubani ilipofika kwa wataalamu wa IBM huko Tucson, Arizona, walilazimika kuitibu kwa kemikali kwanza, ndipo wakaikunjua na kuisikiliza. Ndege ya Air France namba 447 iliangukia Atlantiki tarehe 1 Juni 2009. Visanduku vyake vyeusi vilipatikana Mei 2011, kwenye kina cha mita karibu 3,900, baada ya karibu miaka miwili. Maabara ya Ufaransa ilizifungua kadi za kumbukumbu, ikazisafisha, ikazikausha taratibu, na data yote ikasomeka.

Karibu zaidi na kwetu ni ile ndege ya Yemenia namba 626 iliyoanguka karibu na Ngazija tarehe 30 Juni 2009. Walikufa watu 152, wengi wao Wakomoro waliokuwa wakirudi kwao kutoka Ufaransa, akaokoka msichana mmoja tu, Bahia Bakari. Visanduku vilitolewa mwishoni mwa Agosti kutoka kina cha mita kama 1,200. Jamaa za marehemu waliongojea majibu Marseille na Moroni walikuwa wakingojea vipande vidogo vya elektroniki vilivyolowa maji ya chumvi karibu miezi miwili.

Utaratibu wa kusafirisha visanduku hivyo unashangaza ukiusikia mara ya kwanza: kikitoka baharini hakikaushwi, kinatiwa kwenye chombo cha maji safi na kupelekwa maabara hivyo hivyo. Sababu ni kwamba kikikutana na hewa wakati bado kina chumvi, kutu inapamba moto. Kwa maneno mengine, wenye ujuzi hawaogopi maji. Wanaogopa chumvi, hewa, na watu wenye haraka.

Sasa nishuke kutoka kwenye ndege nije nyumbani. Kuna mzee mmoja wa Mombasa anakaa fleti ya chini huko Neasden. Msimu mmoja wa baridi bomba la fleti ya juu lilipasuka usiku, maji yakamshukia mezani. Kwenye laptopu yake ya zamani alikuwa na rekodi 11 za mama yake mzazi akisoma tenzi za kina mama wa Mji wa Kale, na mama mwenyewe alikuwa keshafariki. Mpwa wake akaja mbio. "Mjomba, tulia, mimi nitaikausha." Akachukua mashine ya kukaushia nywele, akapuliza kwa nusu saa, akawasha. Kioo kikawaka, wote wakashangilia. Halafu ikasikika sauti ya kukwaruza, kisha kimya. Mafundi waliopelekewa baadaye walikuta sahani imechimbika. Kijana alifanya kwa mapenzi, na wengi wetu tungefanya vilevile.

Lakini kulikuwa na simu ya zamani pia, imelowa mfukoni mwa koti, na hakuna aliyeijali kwa sababu ilikuwa imeisha chaji. Fundi mmoja wa Kisomali akaifungua, akaisafisha bodi kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, akaikausha siku mbili, akaibadilishia betri. Ikawaka. Mlikuwa na rekodi 3. Nyingine 4 mzee alikwisha kumtumia dada yake Mombasa kwa barua pepe, zikaombwa zikarudi. Saba kati ya kumi na moja. Zile nne zilizobaki hakuna anayezijua kwa moyo tena.

Hesabu hiyo ya mzee ina somo lote. Kilichowashwa kilikufa. Kilichokuwa hakina umeme kilipona. Kilichokuwa na nakala hakikuwa hatarini tangu mwanzo.

Kwa simu za leo kuna jambo jingine lazima niliseme. Zamani fundi aliweza kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma peke yake. Sasa data imefungwa kwa kufuli ya siri, na ufunguo umo ndani ya prosesa ya simu ile ile, pamoja na namba yako ya siri. Chipu peke yake ni kitabu kwa lugha ambayo msomaji wake ameuawa. Inabidi bodi nzima ifufuliwe, angalau kwa saa moja, ili data ihamishwe. Ndiyo kusema kuiharibu bodi kwa haraka kuna gharama kubwa zaidi leo kuliko miaka ya nyuma.

Basi ikitokea: zima, chomoa betri kama inachomoka, usichaji, usiwashe "kujaribu tu". Kama ni maji ya bahari na kifaa hakina umeme, kisuuze kwa maji yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea kwenye betri za magari. Usitumie joto. Na mchele jamani tuuache jikoni. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya chipu, na vumbi lake linaongeza uchafu. Kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kuhusu mchele Januari 2024. Kisha mpelekee fundi upesi, na umwambie unachotaka ni data, si simu. Hiyo inabadilisha namna atakavyofanya kazi.

Namalizia na mtu wa Lamu. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kunakili tendi kwa mkono, nyingine akiwaandikia wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Unyevu wa pwani na mchwa vimekula karatasi nyingi za Lamu na Pate, lakini nakala zake ziko London na Ujerumani, na sisi tunaishi kwazo. Watu wa pwani hawakuwa na maabara ya kufufua karatasi iliyooza. Walijua unyevu utakuja, wakanakili kabla.

Sisi tuna rekodi za wazee ambao hawatarudi kuzisoma tena, na wengi wetu tumeziweka mahali pamoja, mfukoni, karibu na kikombe cha chai. Kabla ya kulala leo, mtumie mtu mmoja nakala. Akiwa ng'ambo ya bahari, vizuri zaidi.

Nawasilisha.