Gede, Mahali Kiwavi Alipopata Bei

Mradi wa Kipepeo, wa kufuga vipepeo, ulipoanzishwa Gede, pwani ya Kenya, mwaka 1993, wakazi wengi wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke hawakuwa na sababu ya kuupenda msitu huo. Ulitangazwa hifadhi enzi za Waingereza, 1943, na tangu hapo mwananchi aliuona kwa macho tu. Nyani na ndovu walitoka humo wakamlia mahindi na mihogo. Yeye akiingia kukata nguzo ya kujengea, alikamatwa. Mashamba yalikuwa yanapungua, watoto wanaongezeka, na kando ya uga kulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 400 za miti. Wengi walipoulizwa walijibu bila kusitasita kwamba msitu ukatwe, watu wagawiwe ardhi.

Wataalamu wa wanyamapori walikuwa na hoja zao, na hoja nzito. Ndani ya msitu huo wamo sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, kwera wa Clarke asiyeonekana nje ya Kilifi, na bundi mdogo wa Sokoke. Lakini jaribu kumwambia mzee wa Kigiriama aache kulima kwa ajili ya bundi! Ndege huyo kwake ni wa kufukuzwa juu ya paa, na hajawahi kumlipia mtu karo.

Aliyeitazama hesabu hiyo kwa jicho jingine ni Ian Gordon, mtaalamu wa vipepeo. Alijua kwamba Uingereza kulikuwa na biashara changa iliyokuwa ikikua haraka. Katika miaka ya 1970, kisiwani Guernsey, nyumba za vioo zilizokuwa za kulimia nyanya ziligeuzwa makazi ya vipepeo wa nchi za joto, watu wakaanza kulipa kiingilio ili watembee katikati yao. Wazo likaenea Uingereza, Ulaya bara na Marekani. Shida ya maonyesho hayo ni kwamba kipepeo aliyekomaa haishi sana. Wengi hufa baada ya wiki chache, hivyo mwenye nyumba hulazimika kununua wapya mwaka mzima. Na Arabuko-Sokoke ina aina zaidi ya 250 za vipepeo, ambao wakazi wangeweza kuwafuga na kuwauza.

Makavazi ya Taifa ya Kenya yaliupa mradi nafasi ndani ya uwanja wa magofu ya Gede, Nature Kenya ikashirikiana nayo, na fedha za kuanzia zikatoka katika mfuko wa Umoja wa Mataifa wa miradi midogo ya mazingira. Mauzo ya nje yakaanza 1994.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu hapo ndipo ujanja wa mradi ulipo. Mkulima hauzi vipepeo wa kukamata porini. Hukamata majike wachache wa kuanzia mbegu. Wengine hunaswa kwa wavu kwenye maua; lakini wale wakubwa wenye mbawa nene, jamii ya Charaxes, hawana haja na maua. Hao hutegewa ndizi au embe lililochacha, na wakishalewa harufu huingia wenyewe mtegoni. Jike huwekwa ndani ya kizimba cha neti pamoja na mmea wa aina yake. Akitaga, mayai hukusanywa, na viwavi wakianguliwa hulishwa majani mabichi kila siku. Neti huwakinga dhidi ya ndege, siafu na nyigu.

Kila aina ya kiwavi ina mti wake, na wengi hawakubali kubadilishiwa chakula. Kiwavi wa Papilio demodocus hula majani ya mlimau na mchungwa. Kila mwenye mlimau pwani amewahi kumponda huyo bila kujua kwamba kuna mtu ng'ambo angemlipia. Wengine hula miti ya msituni tu. Basi mkulima wa vipepeo akawa hana budi kuijua miti hiyo, kuikusanyia mbegu na kuipanda karibu na nyumba. Na mti ukikatwa msituni, anayepata hasara ana jina na nyumba kijijini, si serikali pekee. Kwa maoni yangu hakuna semina ya uhifadhi iliyowahi kufundisha hivyo.

Kiwavi akishajifunga na kuwa pupa, saa inaanza kuhesabu. Aina nyingi hufunguka ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo mkulima huzipeleka Gede upesi, zikaguliwe, zihesabiwe, alipwe. Kisha hupangwa katika pamba ndani ya masanduku na kupandishwa ndege. Zikichelewa uwanjani, mteja hupokea sanduku la mbawa zilizokunjamana, na malipo hayaji.

Mwaka 2003 Gordon na Washington Ayiemba, aliyekuwa kiongozi mwenzake, walichapisha tathmini ya mradi. Kati ya 1994 na 2001 jamii ilikuwa imepata zaidi ya dola 130,000. Ukizigawa kwa kaya na kwa miaka, si utajiri. Ila zilikuja bila kuangusha mti, na mama asiye na shamba kubwa aliweza kuzipata akiwa nyumbani. Walieleza pia kwamba msimamo wa wakulima kuhusu msitu ulibadilika, na kwamba hawakuona dalili za vipepeo wa porini kupungua kwa sababu ya kazi hiyo. Baadaye ziliongezwa asali na hariri, maana kutegemea mnunuzi wa aina moja ni hatari.

Hatari hiyo ilionekana mara mbili. Majirani wa Tanzania walikuwa wameanzisha mradi kama huo Amani, Usambara Mashariki. Mwaka 2016 serikali yao ilipopiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai, pupa nazo zikaingia katika marufuku, na wakulima wa Amani wakabaki na viwavi wasio na soko. Gede haikuguswa na amri hiyo, lakini 2020 korona ilifunga maonyesho ya Ulaya na kupunguza safari za ndege, na kiwavi hasubiri mipaka ifunguliwe.

Magofu ya Gede yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mgeni anayekwenda kuona msikiti na kasri la mji wa kale anapita karibu kabisa na nyumba ya vipepeo ya mradi, na wengi wanaipita kweli, jambo linalosikitisha. Si kubwa. Inafaa kuingia jua likiwa limepanda, maana siku ya mawingu vipepeo hukaa chini ya majani bila kuruka. Hata siku hiyo omba uonyeshwe pupa: za Charaxes ni za kijani na huning'inia kama tunda changa, za Papilio hujifunga kwenye kijiti kwa mkanda wa uzi mwembamba. Asali ya msitu huuzwa papo hapo.