Ndondi

Ndondi (pia masumbwi au ngumi) ni mchezo wa mapigano ambamo watu wawili hupigana kwa ngumi pekee. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Ugiriki ya kale mwaka 688 KK. Mabondia walijifunga mikononi kanda za ngozi. Hapakuwa na raundi wala madaraja ya uzito, na pambano liliendelea hadi mmoja azimie au ainue kidole kukiri kushindwa. Kanuni za Queensberry, zilizotolewa Uingereza mwaka 1867, zilileta glavu, raundi za dakika 3 na kuhesabiwa hadi 10 kwa aliyeangushwa. Kati ya mapambano maarufu ya ndondi, mwaka 1974 bondia Muhammad Ali alimwangusha mwenzake George Foreman jijini Kinshasa katika raundi ya 8. Mkenya Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul mwaka 1988.