Sanduku la Risiti

Mjomba wangu ni fundi cherehani Voi. Ameshona sare za shule tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kuandikwa kazi na mtu. Hana payslip, hana bosi, hana likizo. Mwaka 2022 shule moja ilitaka kumpa tenda ndogo ya sweta na kaptula. Sharti moja tu: alete cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Akaenda saiba, kijana akabonyeza bonyeza, halafu akanyamaza kidogo.

"Mzee, hapa kuna deni."

Deni lilikuwa la 1998 hadi 2000. Wakati huo Mjomba na mwenzake walikuwa na duka la nguo karibu na steji, ambalo walilifunga 2001. Kumbe kuna ofisi moja (sitaitaja) iliyokadiria kwamba duka lile lilipata faida kubwa, ikapiga hesabu ya kodi, ikaweka riba na faini za zaidi ya miaka 20 juu yake. Jumla: Sh214,600. Manze, cherehani yake mwenyewe haikufika elfu kumi na tano.

Alinipigia jioni hiyo. Hakuwa amekasirika. Aliongea polepole, kama mtu anayeongea hospitalini. "Mpwa wangu, wewe umesoma. Niambie, ninakumbukaje niliuza suruali ngapi mwaka 1999?"

Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na wikendi. Nikapanda basi kutoka Nairobi, asubuhi yake tukachukua boda hadi juu Sagalla, kwa nyumba ya marehemu babu, ambako Mjomba alihifadhi makaratasi ya duka alipolifunga.

Kama hujafika Sagalla, ni ule mlima unaouona kusini mwa mji wa Voi. Ukiwa juu unaona reli mbili, ya zamani na ya SGR, unaona mkonge, halafu Tsavo inaanza na haiishi. Watu wa huku wanazungumza Kisagalla, ambacho wageni hudhani ni Kidawida kimoja tu na cha Wundanyi. Zii. Ni lugha yake. Wakulima wa chini ya mlima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, ndovu akisukuma waya nyuki wanatoka. Nasema haya ili ujue kipato cha mtu wa hapa kinavyokuwa: usiku mmoja wa ndovu, na mahindi ya msimu mzima yamekwisha. Sasa mkadirie huyo faida yake ya mwaka.

Chini ya kitanda cha babu kulikuwa na sanduku la bati. Makaratasi ya duka yalikuwa juu: vitabu viwili vya risiti vilivyoliwa na mchwa, leseni ya biashara ya 1999, daftari la madeni ya wateja. Chini yake, ndani ya karatasi ya nailoni, kulikuwa na kitu ambacho hatukukitafuta. Risiti za kodi za babu. Nyingine zilikuwa za miaka ya 1950, zimekunjwa mara nne, wino umefifia lakini jina lake linasomeka.

Nikamuuliza Mjomba kwa nini mzee aliziweka miaka yote hiyo. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Angeulizwa je?"

Swali hilo lina historia ndefu hapa kwetu.

Mmisionari wa CMS, Joseph Wray, alifika Sagalla mwaka 1883. Reli ikapita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ikatangaza kodi ya kibanda. Haikujali umevuna nini wala umeuza nini. Ilihesabu mapaa. Mwenye wake watatu, kila mmoja na kibanda chake, alilipa mara tatu. Basi watu wakaanza kubanana kwenye nyumba moja ili kupunguza mapaa. Serikali ikaona ujanja, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Ukikwepa kwa paa, unashikwa kwa kichwa.

Kodi hiyo ilitakiwa kwa pesa, na pesa hazikuoteshwa shambani. Ndiyo maana ilipendwa na wenye mashamba makubwa: mtu aliyekuwa amejitosheleza kwa shamba na mbuzi wake alilazimika kushuka mlima kwenda kutafuta kibarua kwenye reli au kwenye mkonge. Ukitazama kwa jicho la leo, babu zetu walikuwa watu waliojiajiri, na kodi ndiyo iliyowageuza vibarua.

Kiwango nacho kikapanda. Kilifika rupia 3, na baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1920, kikawa rupia 8. Juu yake kukaja kipande, kile cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi, kodi na kipande vilikuwa kati ya malalamiko makubwa. Alikamatwa Machi 1922, umati ukaenda kumdai, polisi wakapiga risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka huohuo kodi ikashuka hadi shilingi 12. Kwa hiyo kodi imewahi kupunguzwa Kenya kwa sababu watu walibisha. Bei yake tu ndiyo ilikuwa damu.

Kwetu Taita watu walijua pia nini hutokea ukishtakiwa na huna cha kuonyesha. Mwaka 1915 Wajerumani walivamia Kasigau, mlima jirani. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaongoza adui, wakawahamisha kijiji kwa kijiji hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliobaki walirudi kwao miaka ya 1930. Ilikuwa tuhuma moja dhidi ya neno la watu wasio na karatasi. Baadaye, Mengo Woresha na Jimmy Mwambichi walipoanzisha Taita Hills Association kutetea ardhi, serikali ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1940.

Uhuru ulipokuja, kodi ya kichwa haikuondoka siku hiyohiyo. Ilibadilisha jina na viwango, na askari wa kanjo waliendelea kuwasaka wanaume wasio na risiti hadi ilipofutwa miaka ya 1970. Wazee wanasimulia walivyolala vichakani siku ya msako. Babu hakulala kichakani. Alikuwa na sanduku.

Halafu ikaja michango. Mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, ulianzishwa 1966 ukiwalenga walioajiriwa, watu ambao mshahara wao unaweza kukatwa kabla haujafika mfukoni. Waliojiajiri waliingia baadaye, kwa hiari. Kwa miaka mingi walilipa Sh160 kwa mwezi, mpaka 2015 ilipopandishwa hadi 500. Oktoba 2024 mfuko huo ulibadilishwa na SHA: aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75, lakini mama mboga anaulizwa maswali. Nyumba yako ina paa gani? Choo cha aina gani? Unapikia nini? Majibu yanakadiria kipato chake, na analipa ya mwaka mzima mbele. Niliposikia neno "paa" nilimkumbuka babu. Sisemi bima ya afya ni sawa na kodi ya mkoloni. Bima ina faida, na kuna ndugu zetu wamelazwa ikalipa. Nasema tu kwamba mtu asiye na payslip bado anahesabiwa kwa kutazamwa nyumba yake.

Turudi kwa Mjomba. Usiku huo, kwa mwanga wa simu, nilisoma Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Nikapata mambo mawili yanayovutana. La kwanza lilinikera: katika mabishano, anayetakiwa kuthibitisha kwamba makadirio ni makosa ni mlipa kodi. La pili likanipa pumzi: sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano, na makadirio hayawezi kurudi nyuma zaidi ya miaka mitano, isipokuwa kuna ulaghai, ukwepaji au uzembe mkubwa au wa makusudi. Una siku 30 za kuandika pingamizi. Wana siku 60 za kujibu. Wakikataa, una siku 30 nyingine kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Duka lilifungwa 2001, hii hapa leseni ya 1999, makadirio yamepita muda wa sheria, na hakuna popote mlipodai ulaghai. Mjomba alitaka kuongeza aya ya kuomba msamaha. Nikamuuliza, msamaha wa nini? Akafikiri. "Mazoea," akasema, na tukaifuta.

Aliipeleka mwenyewe, na nakala yake akaigongesha muhuri wa kupokelewa. Wakaomba nyaraka zaidi, akapeleka zilizosazwa na mchwa. Wiki ya saba jibu likaja: makadirio ya 1998 hadi 2000 yameondolewa. Lakini barua ilikuwa na mstari wa pili. Mjomba hakuwa amewasilisha ritani za 2018, 2019 na 2020. Faini, Sh2,000 kila mwaka.

Hiyo ilikuwa kweli. Alidhani mtu asiyepata faida hana haja ya kujaza. Nilianza kutafuta tena vifungu vya sheria, akaniwekea mkono begani. "Wacha. Hii ni yangu. Dawa ya deni ni kulipa." Akalipa Sh6,000, akajaza ritani, akapata cheti. Tenda ilikuwa imeshaenda kwa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza msamaha wa faini na riba za kodi hadi mwisho wa 2022. Nilipomwambia alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata umaskini unahitaji daftari, maana usipoandika ulichokosa, kuna mtu atakuandikia ulichopata. Mimi mwenyewe ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa M-Pesa, na kabla ya safari ile sikuwa na faili hata moja. Sasa ninalo.

Risiti za babu tulizirudisha kwenye nailoni yake. Mjomba akaweka barua yake yenye muhuri juu yake, pamoja na risiti ya Sh6,000, akafunga sanduku, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.