60202: Nambari ya Nkubu na hesabu iliyomo ndani yake

60202 ni nambari nzima yenye tarakimu tano. Kwa wakazi wa Nkubu, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Meru kuelekea Embu, ndiyo msimbo wa posta: huandikwa baada ya nambari ya sanduku ili barua ifikishwe mjini humo. Msimbo wa Meru ni 60200, na wa Embu ni 60100.

Kihesabu, 60202 ni shufwa, kwa kuwa hugawanyika kwa mbili. Jumla ya tarakimu zake ni 10. Kwa hivyo haigawanyiki kwa tatu wala kwa tisa bila kuacha baki. Ikichanganuliwa hadi kikomo hutoa nambari tasa tatu, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: 2 × 31 × 971. Kutokana na hizo hupatikana vigawanyo vinane pekee: 1, 2, 31, 62, 971, 1942, 30101 na 60202 yenyewe.

Vigawanyo vyote vinane vikijumlishwa hutoa 93312, nambari inayoundwa kwa 2 na 3 tu: mbili ikizidishwa mara saba na tatu mara sita. Ikiondolewa 60202 yenyewe, jumla hubakia 33110. Kwa kuwa hiyo ni ndogo kuliko 60202, wanahisabati huiita nambari pungufu, tofauti na 6, ambayo ni kamilifu kwani 1 + 2 + 3 hurejesha 6.

Nambari ya Meru imeachana na ya Nkubu kwa mbili tu, lakini tabia zao ni mbalimbali kabisa. 60200 ni 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 7 × 43, nayo ina vigawanyo 48. Vile vilivyo vidogo kuliko yenyewe hufikia jumla ya 103480, hivyo ni nambari ya ziada. Ya Embu, 60100, ina vigawanyo 18, nayo pia ni ya ziada.

Ujirani huo una athari kwa mwandishi wa barua. Kitabu chenye nambari ya kimataifa ya tarakimu 13 hulindwa na tarakimu ya mwisho, ambayo hukokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia. Tarakimu moja ikikosewa, hesabu hukataa na kosa hufichuka. Msimbo wa posta hauna kinga hiyo. Ushahidi ni kwamba 60200 na 60202 zinatofautiana kwa tarakimu moja, na zote mbili ni halali. Anayeandika sifuri mahali pa mbili hapati onyo lolote: barua ya shule au ya hospitali iliyokusudiwa Nkubu huelekezwa Meru. Mkaguzi wa pekee ni jicho la mwandishi kabla ya bahasha kufungwa.