Kunoa wembe

Kunoa wembe ni kazi ya kurudisha makali ya wembe wa kunyolea kwa kuusugua juu ya kinoo, yaani jiwe la kunolea, na kuumalizia kwenye ukanda wa ngozi. Makala hii inahusu hasa wembe wa kukunja, ambao una bapa moja la chuma cha pua linaloingia ndani ya mpini wake. Wembe huo hautupwi unapokuwa butu. Ukitunzwa hutumika kwa miaka mingi, mradi mwenye nao ajue kuunoa.

Historia

Kabla ya bidhaa za viwandani kuenea, nyembe za Afrika Mashariki zilifuliwa na wahunzi, sawa na majembe, visu na mikuki. Milima ya Upare, iliyopo katika wilaya za Mwanga na Same, mkoa wa Kilimanjaro, ilijulikana kwa chuma chake. Wahunzi walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma kutoka kwenye vijito, wakauchoma katika tanuri kwa makaa na mivukuto hadi kupata bonge la chuma la kufua. Ukoo wa Washana wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, unakumbukwa kama ukoo wa wahunzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari za ukoo huo katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969. Majirani, wakiwemo Wachaga, walinunua chuma cha Upare.

Huko Ulaya, miji ya Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani ilipata sifa kwa nyembe za kukunja. Mwaka 1903 kampuni ya Gillette ya Marekani ilianza kuuza wembe mwembamba wa kutupwa baada ya kuisha makali. Wembe wa namna hiyo ulienea duniani kote, na ujuzi wa kunoa ukapungua.

Tofauti na kunoa panga

Katika vijiji vya milimani kama Chome, wilayani Same, watu wengi hujifunza kunoa panga na mundu tangu utotoni. Ujuzi huo husaidia mkono kuzoea jiwe, lakini unaweza kumpotosha anayeanza kunoa wembe, kwa sababu tatu.

Kwanza ni jiwe. Miamba ya milima ya Upare ni ya kale sana na sehemu kubwa ni naisi, yenye chembe ngumu za kwarizi zinazoonekana kwa macho. Jiwe la namna hiyo linafaa panga, lakini kwenye wembe huacha mikwaruzo na mapengo.

Pili ni pembe. Anayenoa panga huinua mgongo wake na kukadiria pembe kwa mkono. Wembe wa kukunja hulazwa kabisa: mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaopanga pembe, ambayo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 15 na 18 kwa pande zote mbili zikijumlishwa. Ukiinua mgongo, pembe hiyo inapotea.

Tatu ni nguvu. Panga huvumilia kukandamizwa, lakini bapa la wembe ni jembamba na hupinda. Uzito wa wembe wenyewe, pamoja na mguso mwepesi wa vidole, unatosha.

Vifaa

Vinoo vya kiwandani hupewa namba, na namba ikiwa kubwa chembe huwa ndogo. Anayeanza huhitaji jiwe la namba 1000 la kutengeneza makali, moja la kati ya 3000 na 5000 la kuondoa mikwaruzo, na moja la 8000 au zaidi la kung'arisha. Uso wa jiwe lazima uwe tambarare. Jiwe lililobonyea husawazishwa kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kipande cha kioo. Kifaa cha mwisho ni ukanda wa ngozi laini.

Hatua za kunoa

1. Lowesha jiwe kwa maji safi. Paka makali rangi kwa kalamu ya maka ili uone ni wapi yanagusa jiwe.
2. Laza wembe kwenye jiwe la 1000 na uusukume makali yakitangulia. Mwishoni ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo, kisha uurudishe kwa upande wa pili. Idadi ya misuguo iwe sawa pande zote.
3. Endelea hadi rangi iishe kwenye makali yote, kuanzia shinani hadi nchani, na pande mbili zikutane kikamilifu.
4. Hamia kwenye jiwe la kati, kisha kwenye jiwe laini, ukipunguza nguvu kila hatua. Suuza wembe kabla ya kubadili jiwe ili chembe kubwa zisihamie kwenye jiwe laini.
5. Kausha wembe na uupitishe kwenye ukanda wa ngozi mara 30 hadi 60, safari hii mgongo ukitangulia. Makali yakitangulia, yataukata ukanda na kuharibika yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kazi yote. Mawe laini hung'arisha makali yaliyokwisha kutengenezwa. Hayawezi kutengeneza makali yasiyokuwepo. Kwa hiyo wembe unaovuta nywele badala ya kuzikata mara nyingi hauhitaji jiwe la bei kubwa zaidi, bali kurudishwa kwenye jiwe la 1000. Kipimo rahisi ni kuupitisha juu ya vinyweleo vya mkono: baada ya jiwe hilo unapaswa kuvikata bila kukwama, kwa urefu wote wa makali.

Usalama na utunzaji

Wembe uliokwisha kumkata mtu mmoja unaweza kumwambukiza mwingine virusi vya homa ya ini au VVU. Kunoa au kusuuza kwa maji hakuondoi hatari hiyo. Ndiyo sababu inashauriwa kila mtu awe na wembe wake, na vinyozi watumie wembe mpya kwa kila mteja. Katika jamii ambako watu kadhaa hunyolewa siku moja baada ya msiba, ushauri huo una uzito wa pekee.

Chuma cha pua cha wembe wa kukunja hushika kutu upesi, hasa penye ukungu na unyevu kama Chome, iliyo karibu na msitu wa Shengena. Wembe ukaushwe kila baada ya matumizi, upakwe mafuta kidogo na uwekwe mbali na watoto.

Katika lugha

Methali "Mtoto akililia wembe, mpe" husemwa juu ya mtu anayeng'ang'ania jambo la hatari: aachiwe ajifunze mwenyewe. Msemo "wembe ni ule ule", unaosikika sana kwa mashabiki wa soka nchini Tanzania, una maana kwamba aliyeshinda jana atashinda tena kwa mtindo huohuo.