Sauti ya kaunti katika sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki

Kaunti za Kenya, halmashauri za Tanzania, wilaya za Uganda na Rwanda, pamoja na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, hazina kiti pale Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000, ulitaja vyombo vyake katika kifungu cha 9: Mkutano wa Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri, Kamati ya Uratibu, kamati za kisekta, Mahakama, Bunge na Sekretarieti. Hakuna chombo cha serikali za mashinani. Kifungu cha 7 kinasema uamuzi ufanyike karibu na wananchi na ngazi nyingi zishirikishwe, lakini hakisemi ngazi hizo zitaingilia mlango upi. Makala hii inaeleza milango iliyopatikana, mingi ikiwa ya uani, na mfano wake ni Kiamaiko.

Kiamaiko ni wadi mojawapo kati ya 85 za Kaunti ya Nairobi, katika eneobunge la Mathare, ikipakana na Huruma. Inajulikana jijini kote kwa mbuzi. Malori huwaleta kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini. Huchinjwa hapo hapo, na nyama husambazwa kwenye bucha na hoteli za mji. Wafanyabiashara wengi ni Waborana na Wasomali, na Kiborana husikika sokoni kama Kiswahili kinavyosikika.

Mbuzi mmoja wa Kiamaiko husimama chini ya serikali nyingi. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kazi ya kaunti. Daktari wa mifugo wa kaunti anakotoka mbuzi ndiye hutoa kibali cha kumsafirisha. Jedwali hilo hilo linaipa serikali ya kitaifa mambo ya nje na biashara ya kimataifa, na kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaifanya mikataba ambayo Kenya imeiridhia kuwa sehemu ya sheria za nchi. Kwa hiyo Itifaki ya Jumuiya kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea ya mwaka 2013 ilijadiliwa na wizara ya kitaifa, ilhali kazi ya kuitekeleza, yaani ukaguzi, maji safi, mihuri ya nyama na utupaji wa taka za kichinjio, humwangukia ofisa wa kaunti. Tena mbuzi wa Moyale anaweza kuwa alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, nchi isiyo mwanachama wa Jumuiya. Hapo sheria inayohusika ni ya jumuiya nyingine za kikanda, IGAD au COMESA. Mbuzi mwenyewe hana habari.

Sheria za Jumuiya hutungwa kwa njia mbili. Moja ni Bunge la Afrika Mashariki, EALA, lililozinduliwa Novemba 2001. Nyingine, inayozaa kanuni nyingi zaidi na kusikika kidogo zaidi, ni Baraza la Mawaziri na mabaraza yake ya kisekta, ambayo hutoa kanuni na maagizo yanayozifunga nchi wanachama. Katika vikao vya wataalamu vinavyotangulia mawaziri, ujumbe wa Kenya ni wa wizara. Ofisa wa kaunti huketi humo ikiwa wizara imemwalika. Mimi naona hapa ndipo sauti hupotea, mapema kabisa, kabla muswada haujapewa hata jina, na mijadala ya Bungeni haiwezi kuirudisha.

Muswada uliopitishwa na EALA lazima utiwe sahihi na wakuu wote wa nchi. Ukirudishwa Bungeni, kisha kiongozi mmoja akaukataa tena, umekufa. Rais mmoja anaweza kuzuia kila kitu. Magavana 47 wa Kenya hawaulizwi.

Wabunge wa EALA ni tisa kwa kila nchi. Kifungu cha 50 cha Mkataba kinaagiza wachaguliwe na Bunge la kitaifa, si kutoka miongoni mwa wabunge wake, nao wawakilishe kadiri iwezekanavyo vyama, mitazamo, jinsia na makundi maalum. Kaunti hazitajwi. Kenya hupiga kura hiyo katika Bunge la Taifa na Seneti, kama ilivyokuwa Novemba 2022. Hiyo si haba, kwa kuwa Seneti ndiyo inayopewa na Katiba jukumu la kulinda maslahi ya kaunti. Hata hivyo viti hugawanywa kwa nguvu za vyama, na mgombea hujinadi kwa wabunge kwenye varanda za majengo ya Bunge. Hana haja ya kwenda Kiamaiko.

Neno "wachaguliwe" lina historia yake. Mwaka 2006 orodha ya Kenya ilipitishwa na kamati ya shughuli za Bunge bila wabunge kupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge, pamoja na wenzake walikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki kwa Shauri Nambari 1 la 2006. Tarehe 27 Novemba mwaka huo Mahakama ilizuia wateule wa Kenya kuapishwa, na Bunge la pili likakwama. Machi 2007 ilitoa hukumu kwamba kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi kwa maana ya kifungu cha 50. Kenya ikalazimika kutunga kanuni mpya na kurudia.

Serikali hazikupendezwa. Katika wiki chache baada ya amri ile ya Novemba, Mkataba ulirekebishwa kwa haraka: Mahakama ikagawanywa katika kitengo cha mwanzo na cha rufaa, sababu za kuwaondoa majaji zikaongezwa, na walalamikaji wakawekewa ukomo wa muda wa kufungua kesi. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilishtaki. Mwaka 2008 Mahakama ilikubali kwamba kurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka misingi ya Mkataba wenyewe, lakini ikayaacha marekebisho yasimame. Kwa kaunti, hukumu hiyo ya 2008 ina thamani kubwa kuliko ile ya 2007, maana ndiyo iliyotamka mahakamani kwamba ushirikishwaji ni wajibu. Nyong'o naye alikuja kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, na Mei 2022 mji wake ukapokea Africities, mkutano mkuu wa serikali za mitaa za Afrika.

Njia nyingine ya kaunti kusikika ni vyama vya serikali za mashinani. Mamlaka za kandokando ya Ziwa Victoria ziliungana mwaka 1997, kabla Mkataba wa Jumuiya haujaandikwa. Samaki na gugumaji havikusubiri marais. Mwaka 2005 kilizaliwa chama cha serikali za mitaa cha Afrika Mashariki, EALGA, chenye makao Arusha, kikiwa mwavuli wa vyama vya kitaifa kama ALAT ya Tanzania. Kwa Kenya ngazi hiyo ilitikisika mwaka 2013, mabaraza 175 ya miji na wilaya yalipovunjwa na kaunti kuchukua nafasi. Sasa wanaozungumza ni Baraza la Magavana, lililoundwa na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012, na miungano ya kikanda. Wa kuangaliwa zaidi na watu wa Kiamaiko ni muungano wa kaunti za mpakani kaskazini, FCDC, kwa sababu mifugo hutoka huko. Gavana wa Nairobi na gavana wa Marsabit wanashiriki mbuzi mmoja, ila hawamo katika muungano mmoja.

Zanzibar inaonyesha upande mwingine. Kilimo, utalii na afya si mambo ya Muungano, na Zanzibar ina wizara zake. Mambo ya nje ni ya Muungano. Kwa hiyo mambo ambayo Dodoma haiyaamulii visiwani huzungumzwa Arusha na Serikali ya Muungano, na malalamiko juu ya hilo ni ya miaka mingi. Zanzibar ilipojaribu kwenda yenyewe nje, ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, ililazimika kujitoa mwaka uliofuata. Lakini katika uchaguzi wa wabunge wa EALA Tanzania hutenga kundi la wagombea wa Zanzibar. Kaunti za Kenya hazina hata hilo, na hakuna sababu ya kisheria inayoizuia Kenya kuandika kanuni kama hiyo.

Ulaya huwa kigezo katika mijadala hii. Kamati ya Mikoa ya Umoja wa Ulaya ilikutana mara ya kwanza mwaka 1994, na leo ina wajumbe 329, wote wenye nyadhifa katika mikoa na miji yao. Sheria ya uchukuzi, mazingira au ajira haipiti bila kamati hiyo kuulizwa, na tangu 2009 inaweza kwenda mahakamani ikiona Umoja umeingilia kazi za ngazi ya chini. Ushauri wake, hata hivyo, haumfungi mtu. Karibu zaidi nasi, umoja wa kiuchumi na kifedha wa nchi za Afrika Magharibi una baraza la ushauri la serikali za mitaa. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Malabo, Juni 2014, mkataba wa ugatuzi na utawala wa mashinani, ulioanza kazi Januari 2019. Kuiga Ulaya kitu kwa kitu si lazima. Baraza la ushauri lisilo na bajeti litakuwa posho tu za safari za Arusha.

Kwa sasa mlango ulio wazi zaidi kwa wadi kama Kiamaiko ni vikao vya kukusanya maoni. Kamati za EALA huzuru nchi wanachama zikiwa na miswada, Nairobi ikiwemo, na hupokea maoni ya mdomo na ya maandishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba nayo inataka wananchi wasikilizwe. Kizuizi kikubwa ni lugha kuliko umbali: Mkataba wa 1999 ulikifanya Kiingereza lugha rasmi na kukiachia Kiswahili nafasi ya lugha ya mawasiliano itakayokuzwa, hadi wakuu wa nchi walipokikubali nacho kuwa lugha rasmi mwaka 2021, kwa hiyo kwa miaka mingi muswada juu ya mifugo ulimfikia mchinjaji katika lugha asiyouzia nyama. Diwani anayetaka kuwasaidia watu wake angeanza kwa kutafsiri muswada.

Iwapo sheria imekwisha kutungwa, kinabaki kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki nchi au chombo cha Jumuiya bila kumaliza kwanza mahakama za kwao, na Mahakama ina masjala ndogo jijini Nairobi. Lakini ukomo uliowekwa baada ya kesi ya Nyong'o ungali pale pale: miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu mlalamikaji alipokijua.